Kilkenny: Mji ulikopigwa marufuku mchezo, sasa ndio bingwa wake

Tuseme bosi amekuita na kukwambia kwamba mwezi ujao utaenda Ireland kwa siku nne. Mafunzo, mkutano, unajua vile hizi safari za kazi huwa. Kitu cha kwanza utafanya ni kuwajuza mabeste kwenye WhatsApp. Cha pili ni kugundua kwamba viza ya Uingereza haikuingizi Dublin, wala ile ya Schengen, kwa sababu Ireland ni nchi huru yenye viza yake. Iombe mapema. Habari njema ni kwamba soketi zao ni za mashimo matatu kama zetu, magari hupita kushoto kama hapa Nairobi, na Kiingereza chao utakielewa baada ya siku moja au mbili, ukishazoea ile kasi.

Lakini nikuulize kitu. Ukirudi, utakuwa umeona nini? Ninawajua watu waliotumwa ng'ambo mara nne, mara tano, na ukiwauliza mji ulikuwaje wanakueleza kuhusu kiamshakinywa cha hoteli. Waliona ukumbi wa mkutano, kitanda, na duka la chokoleti kwenye uwanja wa ndege. Basi.

Mimi kazi yangu Dublin iliisha Alhamisi saa sita mchana, na ndege ilikuwa Jumamosi. Ningeweza kubaki pale pale, maana Dublin ina mambo mengi. Badala yake nilipanda treni katika stesheni ya Heuston, na baada ya saa moja na nusu hivi nikashuka Kilkenny. Ukipata mwanya kama huo, utumie. Na ikiwa ni mwezi wa Juni, jinsi ilivyokuwa kwangu, usikimbizane na saa. Jua huko huzama karibu saa nne usiku, kwa hivyo ukitoka kazini ni kama umepewa alasiri ya pili.

Hata kabla hujatoka stesheni, angalia jina lake. Inaitwa MacDonagh. Thomas MacDonagh alikuwa mwalimu na mshairi. Alifundisha hapa Kilkenny mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wa 1916 akawa mmoja wa watu saba waliotia saini tangazo la kuifanya Ireland jamhuri huru, na Mei mwaka huo huo Waingereza wakamuua kwa risasi. Sisi tuna barabara ya Dedan Kimathi, wao wana stesheni ya MacDonagh. Ukitoka Kenya, nchi hii huhitaji kuelezwa sana.

Kitu kingine utakachokiona ni vibao. Kila kibao cha barabarani kina majina mawili. Juu, kwa herufi za kulala, pameandikwa Cill Chainnigh. Chini yake ndipo pameandikwa Kilkenny. Lile la juu ni Kiayalandi, lugha ambayo wenyewe huiita Gaeilge, na maana yake ni kanisa la Cainneach, mtawa wa karne ya 6. Jina la chini ni vile tu Mwingereza alivyolisikia na kuliandika. Nilipiga picha kibao hicho nikaendelea na safari, sikujua kwamba ndicho nitakachokifikiria usiku kucha.

Shuka na barabara ya John hadi darajani. Mto ulio chini yako unaitwa Nore, na kwa upande wa kushoto utaona ngome ya mawe ya kijivu imekaa juu ya ukingo kama askari jela. William Marshal, mmoja wa mabwana wa Kinormani waliovamia kutoka Uingereza, ndiye aliyeijenga kwa mawe mwanzoni mwa karne ya 13. Ilikuwa na minara minne kwenye pembe zake, sasa imebaki mitatu. Mwaka wa 1391 ilinunuliwa na ukoo wa Butler, na hao wakakaa humo zaidi ya miaka 500. Kisha pesa zikaisha. Mnamo 1935 vitu vya ndani vilipigwa mnada, na mwaka wa 1967 ngome yenyewe ikauzwa kwa wakazi wa mji kwa pauni 50. Ndio, hamsini. Leo huwezi kupata hata kiatu cha maana kwa pauni hamsini.

Ndani utalipa kiingilio, na ni sawa kulipa kama unapenda picha kubwa za mafuta na dari zilizochorwa. Lakini bustani ya nje haina malipo, na mimi ningekushauri uanzie hapo. Ni uwanja mpana wa nyasi unaoshuka taratibu, watu wanafanya mazoezi ya kukimbia, wazee wanatembeza mbwa. Na watoto, wengi sana, wanarushiana mpira mdogo kwa fimbo za mbao. Tutarudi kwa hao watoto.

Kwanza nikupe stori moja ya zamani, kwa maana bila hiyo utaondoka Kilkenny na picha tu.

Mwaka wa 1366 bunge lilikutana katika mji huu. Si bunge la Waayalandi. Lilikuwa la walowezi wa Kiingereza, na aliyelisimamia alikuwa Lionel, mwana wa Mfalme Edward III. Tatizo lililowasumbua lilikuwa la ajabu kidogo. Babu zao walikuja kuiteka nchi, lakini wajukuu walikuwa wamegeuka. Wanazungumza Kiayalandi nyumbani, wanaoa mabinti wa Kiayalandi, wanapeleka watoto wao kulelewa na familia za wenyeji, wanavaa kama wenyeji, hata farasi wanampanda bila tandiko kama wenyeji. Serikali ikaona hii ni hatari. Ikatunga sheria inayojulikana hadi leo kama Sheria za Kilkenny. Mwingereza akioa Mwayalandi, ni kosa. Akimkaribisha nyumbani msimulizi wa hadithi au mwimbaji wa Kiayalandi, ni kosa. Akizungumza Kiayalandi, ardhi yake inachukuliwa hadi akubali kutumia Kiingereza.

Na kuna kifungu kimoja kuhusu michezo. Watu waliambiwa waache ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo, wajifunze kutumia upinde na mishale, ambayo angalau ingefaa vitani.

Sasa sikiliza utamu wake. Sheria hiyo iliyowaamuru watu kuzungumza Kiingereza haikuandikwa kwa Kiingereza. Iliandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani, lugha ya mabwana wa wakati huo. Ni kama ile barua ya shule ya kuwahimiza wazazi wathamini Kiswahili, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Usicheke, ninayo moja nyumbani.

Ukiwa na hadithi hiyo kichwani, sasa zunguka. Mji wenyewe ni mdogo, una watu wapatao 27,000, ingawa ukiuita mdogo mbele ya wenyeji watakukumbusha kwamba ni jiji tangu Mfalme James I alipoupa hati mwaka wa 1609. Kutoka ngomeni hadi kanisa kuu la St Canice ni mwendo mfupi ambao utaumaliza kwa mguu bila jasho. Pita kwenye Butter Slip, kichochoro cha mwaka wa 1616 kilichokuwa soko la siagi. Ni chembamba kiasi kwamba mkikutana na mtu mwenye begi la mgongoni, mmoja lazima asimame. Rothe House ni nyumba ya mfanyabiashara iliyoanza kujengwa 1594, ambayo kwa kweli ni nyumba tatu zilizofuatana, moja nyuma ya nyingine, na ua katikati. Nenda ukaone jinsi tajiri wa wakati huo alivyoishi. Black Abbey, kanisa la watawa wa Dominika, lina dirisha la vioo vya rangi ambalo jua likilipiga sakafu yote inageuka kanga.

Kuna mkahawa mmoja mkongwe wenye jina la Kyteler, na watalii hujazana hapo kupiga picha na kofia za kichawi. Mimi sikufurahishwa. Alice Kyteler alikuwa mwanamke tajiri wa mji huu, mkopeshaji wa pesa, aliyefiwa na waume watatu na kuolewa na wa nne. Watoto wa hao waume, ambao urithi ulikuwa umewapita, wakamshtaki kwamba ni mchawi. Hiyo ilikuwa 1324. Yeye alikuwa na jamaa wakubwa, akatorokea Uingereza. Mtumishi wake, Petronilla, hakuwa na mtu. Alichapwa viboko hadi akakiri, kisha akachomwa moto hadharani Novemba 3 mwaka huo. Mtu yeyote aliyesoma habari za wazee wanaouawa Kilifi kwa kisingizio cha uchawi, huku nyuma yake kuna shamba, anaijua hadithi hii bila kufika Ireland. Nilitazama zile kofia nikapita.

Mnara wa St Canice nao usiukose. Ni mnara wa mviringo wa karne ya 9, mwembamba kama penseli, una urefu wa mita 30 hivi, na ni mmoja wa michache sana ya aina hiyo nchini humo ambayo mgeni anaruhusiwa kupanda hadi juu. Ndani hakuna ngazi za kawaida, ni ngazi za mbao zilizosimama wima kiasi kwamba unapanda ukishika kwa mikono. Kama unaogopa kupanda tangi la maji la ploti yenu, baki chini. Ukifika juu utauona mji wote uliotembea: paa, mto, ngome ile kule. Na utaona uwanja wa michezo.

Hapo ndipo tunarudi kwa wale watoto.

Mchezo wao unaitwa hurling. Ndio ule ule uliopigwa marufuku 1366, au tuseme babu yake. Fimbo huitwa hurley, inachongwa kwa mbao za mti wa ash, na mwisho wake ni bapa na umepinda. Mpira ni wa ngozi, hauzidi sana ule wa tenisi kwa ukubwa, na unaitwa sliotar. Kila timu ina wachezaji 15. Unaweza kuupiga mpira ukiwa hewani, kuudaka kwa mkono, kukimbia ukiwa umeusawazisha kwenye ncha ya fimbo kama mtu aliyebeba yai kwa kijiko. Ukiupitisha juu ya mwamba, kati ya milingoti, ni alama moja. Ukiuingiza wavuni ni alama tatu. Dakika 70 kwa mechi kubwa, na mpira hautulii hata kidogo. Fikiria magongo, raga na vurugu za kugombea matatu saa kumi na mbili jioni, vyote kwa pamoja. Wanawake wana wa kwao, camogie, na usidhani ni mpole.

Kilichonimaliza ni hiki: wachezaji hawalipwi mshahara. Hata wale nyota. Jumapili anacheza mbele ya maelfu ya watu, Jumatatu yuko darasani anafundisha hesabu, au yuko juu ya paa anapiga misumari. Unaichezea kaunti yako, na mara nyingi ni ile uliyozaliwa, kwa hivyo hakuna habari za kununuliwa na klabu tajiri Januari. Shirika linalosimamia, GAA, lilianzishwa 1884 wakati Ireland bado ilikuwa chini ya Uingereza, na kufufua michezo ya wenyeji ilikuwa sehemu ya kujikomboa.

Na ni kaunti gani iliyoshinda ubingwa wa Ireland mara nyingi kuliko zote? Kilkenny, mara 36. Mji ulikotungwa sheria ya kuuzima mchezo ndio mji ambao leo dukani, kwenye madirisha na kwenye magari, unaona bendera za mistari myeusi na ya manjano iliyokolea. Nilisimama pale bustanini nikiwatazama watoto wale, na msichana wa miaka kumi hivi akanipa fimbo nijaribu. Nilipunga mara tatu nikakosa mara tatu. Ya nne nikaugusa, ukaenda upande wa mbwa wa mtu.

Ningependa kukwambia kwamba lugha nayo ilishinda vile. Haikushinda.

Usiku huo nililala katika nyumba ya wageni ya mama mmoja mchangamfu. Asubuhi aliniandalia mayai, soseji, mkate wa kahawia na vipande vyeusi vya duara ambavyo nilipoonja nikajua mara moja ni binamu wa mutura: damu, nafaka, viungo. (Chai yao, samahani, ni maji ya moto yanayotiwa maziwa baadaye. Vumilia.) Aliposikia natoka Kenya, akaanza kunihesabia watu wa kwao waliokuja kufundisha huku. Ni kweli, ni wengi. Shabiki yeyote wa riadha anamjua Brother Colm O'Connell, Mwayalandi aliyefika Iten 1976 kufundisha jiografia na akaishia kumnoa David Rudisha.

Nikamuuliza kama anazungumza ile lugha ya vibao. Akacheka kidogo. Akasema aliisoma shuleni miaka mingi, anaweza kuomba ruhusa ya kwenda msalani na kusema asante, na kwamba bibi ya bibi yake hakuwa na lugha nyingine.

Zile Sheria za 1366 zilishindwa. Walowezi waliendelea kuzungumza walivyotaka. Kilichoiangusha lugha kilikuja polepole baadaye. Ardhi ilinyang'anywa. Kisha njaa ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani, ikaua watu milioni moja hivi na kuwafukuza wengine milioni moja kwenda ng'ambo, na waliopigwa zaidi ni maskini wa mashambani, ndio wazungumzaji wenyewe. Na kulikuwa na kijiti. Mtoto alivishwa kijiti shingoni kwa kamba, na kila aliposikika akitamka Kiayalandi, kijiti kilitiwa alama ya kisu. Jioni alama zilihesabiwa, akachapwa kwa idadi hiyo. Wazazi mara nyingi walikubaliana na mwalimu. Walitaka watoto wapate kazi, wapande meli waende Amerika, na Amerika haikuajiri mtu kwa Kiayalandi.

Nilipoelezwa kuhusu kijiti hicho niliacha kutafuna.

Kwa sababu mimi nimewahi kuvaa disc, na huenda wewe pia. Yetu ilikuwa kipande cha mbao chenye tundu, na aliyekuwa nayo alikuwa anawinda mwingine wa kumpa kabla ya saa tisa. Darasa la nne. Mimi kosa langu halikuwa hata lugha ya nyumbani, lilikuwa ni Kiswahili cha mtaani. Lugha ya nyumbani, Kibukusu, haikufika shuleni kamwe kwa vile babangu aliamua mapema kwamba haitatusaidia Nairobi. Simlaumu sana. Alikuwa na hesabu zile zile za wazazi wa Ireland.

Mama yule akaniuliza, "Na nyinyi kwenu, bibi yako mnaongea naye lugha gani?"

Nikafungua mdomo nikakuta nina neno moja. Mulembe. Ndiyo salamu, maana yake ni amani. Baada ya hapo simu zangu na kukhu huwa hivi: yeye anazungumza, mimi nacheka mahali ninapodhani ni pa kucheka, kisha anampa binamu yangu simu anitafsirie. Dakika mbili. Ana miaka 84, na kuna mambo ya babu yangu ambayo yeye peke yake ndiye anayeyajua.

Sikutaka uende Ireland ukadhani wamekaa tu wanaomboleza. Kiayalandi ndicho lugha rasmi ya kwanza katika katiba yao ya 1937, kina kituo chake cha televisheni, TG4, na kuna shule ambazo masomo yote hufundishwa kwacho. Katika sensa ya 2022 watu zaidi ya 1,800,000 walisema wanakiweza. Lakini wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa karibu 72,000 tu. Ukitaka kusikia kikiwa na hasira na utani, tafuta Kneecap, vijana wa rap kutoka Belfast. Hutaelewa neno, na utatikisa kichwa vile vile. Sisi nasi katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaiambia serikali iendeleze lugha za jamii zetu. Kuandika ni rahisi. Mpira wa hurling mtoto anaweza kuupiga jioni moja na kuupenda. Lugha inataka mtu wa kujibizana naye kila asubuhi jikoni, na huyo mtu ana umri wake.

Ya vitendo: nunua tiketi ya treni ya kurudi mapema, ukiwa bado una intaneti ya bure ya hoteli ya kazini. Beba koti la mvua hata kama asubuhi kuna jua. Ukikaribishwa mechini, nenda, na uulize maswali. Hakuna kitu Mkilkenny anapenda kama mgeni asiyejua sheria za hurling. Na jifunze kusema "go raibh maith agat", yaani asante. Ukiitamka vibaya watafurahi zaidi.

Jumapili nikiwa nimerudi, nilimpigia kukhu. Nilikuwa nimemwomba binamu aniandikie sentensi tatu za Kibukusu kwenye ujumbe, nikazisoma kama mtu anayeapishwa. Alinyamaza. Kisha akacheka sana, hadi nikamsikia akiita watu waje wasikie. Alinisahihisha ile ya pili, akanirudisha nyuma kama mwalimu, nikairudia. Akauliza, na hili nililielewa baada ya yeye kulisema mara tatu, kama huko nilikotoka wanapanda mahindi.

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sikuona, ni viazi tu na ng'ombe wengi.

Akasema nimwambie hivyo kwa Kibukusu. Nikaanza na neno la ng'ombe, akanisahihisha, nikaanza tena. Kredo ikaisha kabla sijafika kwenye viazi.